Mzee Nguzo na Mbayuwayu wa Bwawani

Jina la Nguzo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake wa umeme, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupanda nguzo. Asubuhi anapanda, mchana anakula huko huko juu miguu ikining'inia, jioni anashuka viganja vimechubuka. Wenye maneno yao walisema hata siku ya harusi yake bibi harusi alimngoja chini ya nguzo. Basi siku moja mkanda wake ulifyatuka, akaja chini kama gunia. Mguu wa kushoto uliungwa, lakini uliunga vibaya, ukawa mfupi kuliko mwenzake kwa kadiri ya vidole vitatu. Alipotoka hospitali aliomba kazi isiyo na ngazi. Akapelekwa kwenye mtambo wa maji, kuendesha pampu inayovuta maji ya bwawa na kuyapandisha kwenye tangi kubwa linalonywesha mji mzima.

Sasa, mtu anayeshinda juu ya nguzo ana majirani wa namna yake. Sisi tulio chini tukitazama waya tunaona vidude vyeusi vimejipanga kama vibanio vya nguo, basi, tunapita. Nguzo aliwaona uso kwa uso. Aliwazoea, akawajua, na kwa kuwa hakuwa na kitabu wala mwalimu wa mambo hayo, aliwapa majina yake mwenyewe.

Aliowapenda kupita wote aliwaita wasafiri. Mbayuwayu msafiri, alikuwa akimweleza yeyote aliyekaa karibu naye kwa muda wa kutosha, mgongo wake ni buluu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, na jua likimpiga anang'aa kama hariri. Paji la uso na koo ni rangi ya tofali lililochomwa. Chini ya koo amevaa utepe mweusi, kama mtu aliyejifunga skafu kwa baridi. Tumbo lake ni jeupe la maziwa. Mkia umepasuka katikati, na kila upande unaishia kwenye uzi mrefu mwembamba; akiutandaza ili ageuke, utaona madoa meupe yamepangwa kama shanga. Watoto wa mwaka huo huo koo lao limepauka na nyuzi zao bado fupi. "Usimwangalie mkia peke yake," alisema. "Mkia hudanganya, nyuzi hukatika. Tafuta utepe."

Wasafiri hawajengi hapa wala hawatagi. Huja msimu wa joto wakiwa wamechakaa kwa njia ndefu, hubadilisha manyoya, hunenepa, na siku wakijisikia huondoka wote. Wajenzi ni wengine, wale aliowaita wenyeji: kichwa chekundu kizima kama amevaa kofia, kiuno chekundu, na kifua kilichochorwa michirizi kama karatasi ya daftari. Hao hubeba tope tone kwa tone na kuunda nyumba yenye mlango mrefu kama shingo ya chupa. Na wako teleka, weusi tii, mbawa kama mundu, ambao hutawaona wametua kwenye waya hata siku moja, maana miguu yao haiwezi.

Mkewe, mwanamke wa mizaha, alikuwa amekwisha kukubali yaishe. Kila mwaka joto lilipoanza alimuuliza, "Vipi, wake wenzangu wamefika?" Na mumewe alijibu kwa uso mkavu kabisa, "Wamefika, na wamekusalimu."

Bahati ilivyo, kazi ile ya pampu ilimpeleka mahali pale pale wasafiri walipolala. Upande wa mbali wa bwawa kulikuwa na matete mazito, marefu kupita mtu, na kila jioni ndege walikuja kutoka pande zote, mamia kwanza, halafu maelfu. Walizunguka juu ya maji kama moshi unaokorogwa, halafu kwa ghafla, kana kwamba kuna mtu amekohoa, wakadondoka wote ndani ya matete. Baada ya hapo ilikuwa kelele tu, kama soko, mpaka giza liingie. Nguzo alikuwa akibaki nusu saa baada ya zamu kwisha ili kuwaona tu wakishuka. Hakuna aliyemlipa kwa nusu saa hiyo, na hakuna aliyeweza kumnyima.

Yaliyotokea yalitokea mwaka wake wa nane pale bwawani, kiangazi kilipokuwa kimekaa sana na maji yameshuka mpaka ngazi za mawe zilizokuwa zimezama zikaanza kuonekana.

Jumatatu asubuhi alifungua mlango wa nyumba ya pampu akakuta mbayuwayu mmoja kizingitini, amelala chali, mbawa zimekunjwa vibaya. Ndege hufa, ndugu zangu. Alimsukuma kwa fagio pamoja na mavumbi na majani, akamtupa kwenye pipa la taka. Alikumbuka baadaye kwamba kidomo kilikuwa wazi na kuna povu. Wakati ule aliliona hilo povu, lakini hakulitia akilini.

Jioni ile wasafiri walikuja kama kawaida. Wakazunguka. Nguzo akakaa kwenye kiti chake cha mbao akingoja wadondoke. Hawakudondoka. Walishuka mpaka usawa wa vichwa vya matete, wakapanda tena. Wakashuka, wakapanda. Sauti yao haikuwa ile ya siku zote. Ilikuwa nyembamba na ya haraka. Mwisho sehemu moja ikajitenga ikaelekea mbali, nyingine ikashuka kwa kusitasita kama watu wanaoingia nyumba yenye msiba. Ndipo akatambua jambo jingine: vyura walikuwa kimya. Bwawa zima lilikuwa kimya. Upepo mdogo ulivuka maji, ukaleta harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza.

Alisimama pale mpaka giza likaingia.

Jumanne aliokota saba. Wawili kando ya nyumba ya pampu, watano ukingoni, wengine manyoya yamelowa. Safari hii hakutupa mtu. Aliwapanga juu ya meza ya chuma, karibu na daftari la zamu, akawa anawachunguza mmoja mmoja kwa kidole. Paji jekundu, utepe, tumbo jeupe. Paji jekundu, utepe, tumbo jeupe. Wote saba.

Meneja wa maji alipopita kukagua akaziba pua. Alikuwa kijana wa rika la binti yake Nguzo, mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili, si mtu mbaya, ila mtu wa haraka.

"Mzee Nguzo, hii ni ofisi au bucha?"

"Bosi, hawa wamekufa kwa siku moja. Kuna kitu bwawani."

"Kitu gani? Hao ni wale wa kule ghalani." Alinyoosha kidole kwenye ghala la mabomba, ambako chini ya paa wenyeji walikuwa na viota kumi na vinne. "Nimesema siku nyingi wale watatuletea maradhi. Wanakunya kila mahali."

"Si wale, bosi. Wale wana michirizi kifuani. Hawa hawana. Hebu sogea uone."

"Mzee wangu, ndege ni ndege."

"Sogea uone, dakika moja tu."

Hakusogea. Mchana vibarua wawili walikuja na miti mirefu, wakabomoa viota vyote kumi na vinne. Tope kavu lilianguka kwa vishindo vidogo vidogo, na ndani ya tope mayai, na ndani ya viota viwili vya mwisho makinda ambayo hayajaota hata unyoya. Wenyeji walizunguka juu ya ghala wakilia mpaka jua likazama. Kibarua mmoja alifuta jasho akasema, "Mzee, samahani, sisi tumetumwa." Nguzo alikuwa ametazama kitu ambacho wenzake hawakukiona: katika wenyeji wote wale, wakubwa kwa wadogo, hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa. Walikuwa wazima wa afya, wakililia nyumba zao.

Usiku ule hakulala vizuri, na mkewe akamuuliza kulikoni, akasema ni mguu.

Jumatano alfajiri alikuwa ukingoni kabla hata ya kuwasha pampu. Mnajua mbayuwayu hanywi kama kuku. Hanywi akiwa ametua. Hupita chini kabisa, juu ya maji, akafungua mdomo, akakwangua uso wa maji mara moja, chii, halafu akapaa. Nguzo aliwaona wasafiri wakitoka kwenye matete na kunywa hivyo, upande ule ule wa matete, ambako ndiko lilikokuwa bomba la kuvutia maji ya mji.

Mmoja alikunywa, akapaa, akaendelea na safari yake. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikunywa, akapaa kadiri ya urefu wa nyumba, kisha mbawa zikaacha kupatana: wa kulia ukipiga, wa kushoto umeshikwa. Akazunguka kama karatasi. Akaanguka majini bila kishindo, na duara dogo likatanuka, likafika miguuni kwa Nguzo.

Nguzo akaanza kufikiri, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufikiri haraka, alifikiri kwa mpangilio. Wenyeji wanawinda wapi? Juu ya barabara na sokoni. Wanakunywa wapi? Ng'ambo ya barabara, kwenye dimbwi la muosha magari, ambaye ana kisima chake. Wao ni wazima. Wasafiri wanalala wapi? Kwenye matete. Wanakunywa wapi? Hapa. Wao wanakufa. Basi ugonjwa hauko kwenye ndege. Uko kwenye maji.

Akampigia simu meneja. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa na sauti ya haraka: "Niko kikaoni, mzee. Mambo ya ndege tutaongea." Ikakatika. Nguzo akabaki ameshika simu, na nyuma yake pampu aliyokuwa ameiwasha kwa mkono wake mwenyewe ikinguruma, ikivuta. Akajiambia kwamba yeye si mtaalamu. Wataalamu wapo, wana digrii na mashine. Kuna klorini. Mji mzima hauwezi kukoseshwa maji kwa sababu ya mzee mmoja kiwete na ndege wake. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na pampu ikanguruma asubuhi nzima.

Saa saba mchana alikwenda nyumbani kula, pampu akiiacha inavuta. Binti yake, ambaye ni nesi kwenye kituo cha afya, alikuwa ameketi barazani hajavua hata viatu. Mama yake alikuwa anamimina maji kutoka kwenye mtungi.

"Mwanangu, mbona hivyo?" Nguzo aliuliza.

"Nimechoka tu, Baba. Tuna watoto watatu tangu jana. Mate yanawatoka kama maji, wanatetemeka, wanatapika. Mboni zimekuwa ndogo hivi, kama ncha ya sindano. Daktari anasema ni sumu ya wadudu, lakini wazazi wote wanaapa hawana dawa kama hiyo nyumbani."

"Wanakaa wapi?"

"Nani?"

"Hao watoto. Wanakaa wapi?"

"Wote mtaa wa chini. Kwani vipi?"

Mtaa wa chini ndio wa kwanza kwenye bomba. Maji yakitoka kwenye tangi huanzia huko, halafu ndiyo yanapanda kwenda kwingine. Nguzo aligeuka akaona mkewe amekwisha kuinua kikombe. Aliruka kwa ule mguu wake, akakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne hakuwahi kumnyooshea mkewe hata kidole.

"Una wazimu wewe?" mkewe alilia.

"Mmekunywa leo? Semeni! Mmekunywa?"

"Haya si ya leo," mkewe alisema polepole, akimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Mtungi niliujaza Jumapili. Bomba halijatoa tangu jana huku kwetu."

Nguzo akamwambia binti yake, "Rudi kazini. Mwambie daktari ni maji ya bomba. Waambie watu wote wasinywe." Akaondoka bila kula, akikokota mguu katikati ya jua.

Alipofika alizima pampu. Kimya kikamgonga masikioni. Kisha akapanda kwenye tangi, ngazi kumi na tisa, yeye aliyeomba kazi isiyo na ngazi, akaanza kufunga vali kubwa ya kutokea maji. Vali ile inazungushwa kwa usukani wa chuma, mara arobaini. Hakuna aliyewahi kuifunga yote tangu mtambo ujengwe, na ilikuwa imeshika kutu. Alizungusha mpaka ngozi ya viganja ikachanika. Ilipofika mwisho, akafungua nati, akang'oa usukani wenyewe, akashuka nao, akaingia nyumba ya pampu na kufunga komeo kwa ndani. Akakaa kwenye kiti cha mbao, usukani wa chuma mapajani kama mtoto.

Haikupita saa moja simu ikaanza. Kiwanda cha sabuni hakina maji. Shule haina maji. Meneja: "Mzee Nguzo, umefanya nini? Fungua! Fungua sasa hivi, utafungwa!" Akajibu, "Njoo, bosi. Njoo uone." Kisha watu wakaanza kufika getini na ndoo na madumu. Mwanzo walikuwa wanacheka na kutaniana, kama watu kwenye foleni yoyote. Jua lilipozidi, utani ukaisha.

"Wewe babu, maji!"

"Kalewa huyo!"

"Mtoeni, mtoeni nje!"

Jiwe la kwanza liligonga bati. Nguzo alifungua dirisha akapaza sauti kwamba maji yana sumu, lakini nani amsikilize? Mwanamume mmoja alivuka uzio, akaja mpaka dirishani. Hakuwa na ndoo, alikuwa na chupa moja tu ya plastiki, tupu. Shati lake lilikuwa na matapishi begani.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "sitaki ugomvi. Nina mtoto kituo cha afya. Ametapika siku nzima, ana kiu. Kituoni bomba limekauka. Nipe chupa moja tu. Moja."

Nguzo alimtazama, na hakuna siku katika maisha yake aliyotamani kuwa mtu mwingine kama siku ile.

"Siwezi, mwanangu. Maji haya ndiyo yaliyomuuguza. Nenda kwa muosha magari, ana kisima. Kimbia."

Mwanamume yule alibaki amesimama, mdomo wazi, kana kwamba ametukanwa kwa lugha asiyoijua. Halafu akakimbia.

Meneja alifika na askari mmoja na fundi. Nguzo akafungua komeo, akawaingiza meneja na fundi. Juu ya meza ya chuma walikuwa wamelala wasafiri ishirini na watatu, saba wa jana na kumi na sita wa leo. Kando yao aliweka mwenyeji mmoja aliyekufa kwa kupigwa mti wakati wa kubomoa viota.

"Tazama, bosi. Safari hii utatazama. Huyu mwenye michirizi umemuua wewe jana. Hawa wenye utepe hujawagusa, na wamekufa. Huyu anakunywa kisimani kwa muosha magari. Hawa wanakunywa pale, kwenye bomba letu. Na mtaa wa chini wamelazwa watoto."

"Una kipimo?" meneja aliuliza, lakini sauti yake haikuwa na haraka tena.

Nguzo alichukua glasi, akachota maji kwenye ndoo ya sampuli aliyoijaza bwawani asubuhi, akaiweka mbele yake. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Ungeyapiga picha ya tangazo.

"Kunywa," alisema. "Ukinywa, nakupa usukani, nafungua mwenyewe, na askari anichukue."

Nje watu walikuwa wanatikisa geti. Meneja alinyanyua glasi. Aliifikisha usawa wa kidevu, akanusa, akasita. Fundi aliangalia chini. Meneja akaiweka glasi mezani taratibu, akatoa simu moja kati ya zile mbili, akapiga.

"Mama mtoto," alisema. "Umeshamwogesha? Usimwogeshe. Hapana, usimpe. Mwaga. Mwaga yote."

Kisha akatoka nje akapanda juu ya gari lake akawaambia watu ukweli, na kwa kumtendea haki lazima isemwe kwamba mpaka jua linazama alizunguka mtaa kwa mtaa na kipaza sauti, mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake Nguzo na vibarua wawili waliingia kwenye matete kutoka upande wa juu. Walikuta njia iliyolazwa na magurudumu ya lori, na mwisho wa njia mapipa ya dawa ya kuua wadudu iliyokwisha muda, yametupwa kwenye tope, mengine yametoboka. Yalikuwa kumi na moja. Yalikuwa yamesimamishwa kwa safu, manne, manne, matatu. Na mwisho wa safu ya tatu, kwenye tope, kulikuwa na alama ya duara, safi, yenye kina sawa na zile nyingine. La kumi na mbili halikuwapo. Walitafuta siku tatu. Mtu amelichukua, au limeviringika, au nani ajuaye. Wenye lori nao hawakupatikana.

Maji ya malori yaliunywesha mji kwa wiki tisa. Wagonjwa walifika arobaini na mmoja. Wote walipona isipokuwa mmoja, msichana wa miaka minne. Matete yalikatwa na kuchomwa kwa amri ya wakubwa. Nguzo alipewa barua mbili katika bahasha moja: ya kwanza ya onyo kali kwa kufunga vali bila idhini, ya pili ya shukrani. Mkewe alitaka kuitia fremu ile ya onyo.

Siku moja mwanamume wa ile chupa alikuja pampuni. Nguzo alimtambua kabla hajafika getini. Akamkaribisha kiti, hakukaa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," alisema. "Wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema Jumatano. Watu wote walisema Jumatano.

"Jumatatu niliona wa kwanza," Nguzo alisema. "Alikuwa na povu mdomoni. Nilimfagia nikamtupa. Jumatano asubuhi nilijua kwa hakika, na nikaiacha pampu inavuta mpaka baada ya saa saba."

Mwanamume alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu naye akaiona imekamilika. Binti yake wa miaka minne alianza kuugua Jumanne. Aligeuka akaenda zake. Hakutukana, hakulia, na hakurudi tena.

Nguzo alistaafu mwaka uliofuata, lakini hakukaa barazani. Alipita bwawa kwa bwawa, birika kwa birika, akiwaonyesha wachungaji, walima bustani na walimu yupi ni msafiri na yupi ni mwenyeji, na kumwachia kila mmoja namba yake ya simu. Wengine walimcheka. Wengi waliandika namba.

Na simu zilikuja. Nyingi zilikuwa za bure: huyu kaona teleka, yule kaona popo. Mpaka asubuhi moja ya msimu wa tatu alipopigiwa na mwanamke asiyemfahamu, mfugaji, kutoka upande ambao hata bomba la mji halifiki.

"Wewe ndiye mzee wa ndege? Kuna mmoja amekufa ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe. Wawili wengine pembeni."

"Wageuze, mama. Kifuani kuna michirizi?"

"Hakuna."

"Paji la uso?"

"Jekundu. Na koo jekundu."

Nguzo alisimama, akikumbuka pipa la kumi na mbili. Mkewe aliyekuwa akipepeta mchele akaacha, ungo mkononi.

"Chini ya koo?"

"Kuna... kama kitambaa cheusi. Halafu tumbo jeupe."

"Mama, sikiliza vizuri. Hayo maji mmeshayanywa?"

Kwa mbali Nguzo alisikia ng'ombe, kisha sauti ya mtoto akicheka, kisha mwanamke akiita kwa nguvu, simu akiwa ameishusha, akiita jina moja, tena na tena.